Indira Gandhi alikuwa na kila kitu mkononi. Kilichomfanya aitishe uchaguzi wa 1977 ni nini?

#1 Msoma Usiku
Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nikisoma historia ya India, kuanzia Nehru hadi kifo cha bintiye, na kuna mahali nimekwama. Juni 1975 Indira Gandhi anatangaza hali ya hatari. Vigogo wa upinzani wako ndani: Jayaprakash Narayan, Morarji Desai, Vajpayee, Advani. Magazeti yanapitia kwa mkaguzi kabla ya kuchapwa. Bunge ni lake, viti 352 kati ya 518 alivyozoa 1971. Uchaguzi ulikuwa ufanyike mwanzoni mwa 1976, akausogeza mwaka mmoja. Novemba 1976 akausogeza tena. Hakuna wa kumgusa.

Halafu tarehe 18 Januari 1977 anasimama redioni: Machi tunapiga kura. Wapinzani wanafunguliwa. Anapigwa vibaya, hadi jimbo lake mwenyewe la Rae Bareli linamponyoka.

Swali langu ni hilo tu. Mtu mwenye madaraka kiasi hicho anayaweka mezani kwa sababu gani? Naomba wenye kujua, wenye hasira nyuzi zenu zipo.

#2 Kiroboto wa Buguruni
Usalama walimdanganya. Funga uzi. Watu wa ujasusi walimwambia anashinda kwa kishindo, akaamini. Ukishayaziba magazeti na wewe mwenyewe unakuwa kipofu, unabaki kusikiliza wanaokula kwako.

#3 Bint Hamidu
Yaani baba mtu, Mahatma Gandhi, afunge kula kwa ajili ya uhuru, halafu binti yake afunge watu jela? Dunia hii.

#4 Mwalimu wa Zamu
Bint Hamidu, hapo umeingia chaka. Indira hana undugu wowote na Mahatma. Baba yake ni Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza. Gandhi ni jina la mumewe Feroze, Mparsi, waliooana 1942. Feroze ndiye aliyekuwa mbunge wa Rae Bareli tangu 1952 hadi alipofariki 1960. Mke alikuja kusimama kwenye jimbo la marehemu.

#5 Bint Hamidu
Sawa ticha. Ila niambie, huko vijijini nani alikuwa anauliza ukoo? Jina limembeba au halikumbeba?

#6 Mwanasheria Mkavu
Mnakimbilia 1977 wakati ngoma ilianza 12 Juni 1975. Siku hiyo Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad alifuta ushindi wa Indira wa 1971 na kumzuia kugombea kwa miaka sita. Aliyemshtaki ni Raj Narain, mtu aliyekuwa ameshindwa kwa zaidi ya kura laki moja. Makosa yenyewe sasa: mtumishi wa serikali, Yashpal Kapoor, alimfanyia kampeni kabla utumishi wake haujakoma rasmi, na maofisa wa jimbo walimjengea majukwaa na kumvutia umeme wa vipaza sauti. Madai mazito ya hongo yalitupwa. Wapo waliosema ni sawa na kumfukuza waziri mkuu kwa kosa la barabarani.

Tarehe 24 Juni Jaji Krishna Iyer wa Mahakama ya Juu akampa nafuu yenye masharti: abaki waziri mkuu, bungeni aingie, ila asipige kura. Kesho yake jioni Jayaprakash akajaza uwanja wa Ramlila pale Delhi, na usiku huo huo Rais Fakhruddin Ali Ahmed akatia saini hali ya hatari. Mitambo ya magazeti ikakatiwa umeme. Baraza la mawaziri liliambiwa asubuhi ya tarehe 26, mambo yameshapita.

Sasa fuatilieni hapa. Agosti alibadilisha katiba ili uchaguzi wa waziri mkuu usihojiwe mahakamani, na sheria ya uchaguzi ikarudishwa nyuma ili yale makosa yasiwe makosa tena. Novemba Mahakama ya Juu ikakifuta kile kifungu cha katiba lakini ushindi wake ikamwachia. Kwa hiyo kufikia mwisho wa 1975 kesi imekwisha. Kama hali ya hatari ilikuwa ya kuokoa kiti, sababu ilikufa hapo. Mleta uzi, swali lako ungelianzia huko: kwa nini hakuitisha uchaguzi mwanzoni mwa 1976, wakati ule watu bado wanamuogopa na bei zimeshuka?

#7 Kanda ya Ziwa
Mkuu #6 umemwaga nondo. Hilo la bei ndilo jibu langu. Mwaka 1974 mfumuko wa bei India ulipita asilimia 20, reli nzima ikagoma Mei chini ya George Fernandes, Gujarat na Bihar wanafunzi wako barabarani. 1975 mvua zikanyesha vizuri, mavuno yakavunja rekodi, bei zikaanza kushuka. Treni zikafika kwa wakati, maofisini watu wanawahi. Ndiyo sifa kubwa ambayo wazee wa kule wanaitaja hadi leo.

Lakini mwishoni mwa 1976 bei zilianza kupanda tena. Mimi naona alichungulia akaona asubuhi inamwisha. Aende sasa au asubiri njaa? Akaenda. Hesabu ya kisiasa ya kawaida kabisa, hakuna fumbo.

#8 Kiroboto wa Buguruni
Hesabu gani hiyo ya kupata sifuri kati ya 85 Uttar Pradesh na sifuri kati ya 54 Bihar? Mimi hesabu nilifeli lakini hiyo naiona.

#9 Mtoto wa Upanga
Sisi asili yetu ni Kutch, babu alishukia Zanzibar kabla ya vita ya kwanza. Baba yangu mdogo alikuwa anasoma Ahmedabad wakati huo. Watu hawajui kwamba Gujarat ilikuwa na unafuu kwa miezi kadhaa, maana serikali ya jimbo ilikuwa ya wapinzani chini ya Babubhai Patel. Waliokuwa wanatafutwa Delhi wanakimbilia huko au Tamil Nadu kwa Karunanidhi. Karunanidhi akaondolewa mwishoni mwa Januari 1976, Machi serikali ya Gujarat nayo ikaanguka, kukawa hakuna pa kukimbilia.

Barua za baba mdogo zilizokuja Dar zilikuwa za mvua na mitihani, basi. Bibi akidhani mtoto amekuwa mpole.

Yeye hadi leo anashikilia jambo moja: mama alimuogopa mwanawe. Sanjay hakuwa na cheo chochote serikalini, lakini mawaziri wakuu wa majimbo walikuwa wanampokea uwanja wa ndege kama mfalme. Uchaguzi Sanjay hakuutaka kabisa. Baba mdogo anasema kura ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo Indira ya kurudisha chama mikononi mwake bila kugombana na mtoto mezani.

#10 Kiroboto wa Buguruni
Hiyo ni tamthilia ya saa mbili usiku sasa. Mama, mtoto, mkwe mbona hujamtaja?

#11 Mtoto wa Upanga
Mkwe Maneka alianzisha jarida lake la kisiasa kipindi hicho hicho. Usicheze na ile familia.

#12 Muuguzi Mstaafu
Wanangu, hamjambo. Mmeandika bei, mmeandika mahakama, na kilichomuangusha mnakizunguka tu. Kufunga uzazi.

Niliishi Lucknow miaka ya tisini, mume wangu akiwa masomoni. Jirani yetu mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati wa hali ya hatari. Alipewa idadi ya watu wa kupeleka wakafungwe uzazi, asipowapata mshahara unasimama. Alimpeleka kaka yake mkubwa mwenye watoto sita, kwa maneno matamu, halafu akatafuta wazee wa kijijini ambao hata wangeachwa wasingezaa. Kaka hakumsemesha tena. Mzee alinisimulia hili kwa sababu mimi ni muuguzi, wanawe walikuwa hawajui.

Mwaka wa fedha 1976/77 serikali kuu iliweka lengo la watu milioni 4.3. Waliofungwa walipita milioni 8. Wengi ni wanaume, maana upasuaji wao ni wa dakika chache na unafanyika hata kambini. Ukitaka leseni, ukitaka mkopo, ukitaka nyumba ya serikali, onyesha cheti. Muzaffarnagar watu walipogoma Oktoba 1976 polisi walifyatua risasi. Delhi pale Turkman Gate, Aprili, walikuja kubomoa nyumba za Waislamu maskini na kambi ya kufunga uzazi iko mtaa wa jirani, watu wakaunganisha mambo mawili, risasi zikalia.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini aliitisha uchaguzi nasema hakujua. Aliyekatwa hasemi barazani kwamba amekatwa. Ni aibu ya ndani ya nyumba, hata jasusi haipati.

#13 Mwalimu wa Zamu
Shikamoo mama. Hilo la walimu limeniuma kwa kweli. Serikali yoyote ikikosa mtu wa kutuma, inamkumbuka mwalimu.

#14 Dereva wa Lori
Kwetu nako miaka hiyo hiyo si watu walihamishwa kupelekwa vijijini? Watendaji wanashindana idadi, juu wanapelekewa ripoti safi. Naona ni mambo yale yale.

#15 Mwalimu wa Zamu
Dereva, uzi wa Operesheni Vijiji upo, una kurasa na kurasa. Turudi Delhi.

#16 Shombo la Pwani
Hujambo jamvini, naingia kutoka Mombasa. Nashangaa hakuna aliyetaja Pakistan. Tarehe 7 Januari 1977 Bhutto, waziri mkuu wao, alitangaza uchaguzi wa Machi. Siku 11 baadaye Indira naye anatangaza, na wa kwake Machi. Mnaona ni bahati? Huyu mama aliipiga Pakistan 1971, akateka askari 93,000, Bangladesh ikazaliwa. Leo Pakistan ipige kura halafu India, nchi ya Nehru, iwe ndiyo ya udikteta? Kiburi cha jirani kinatosha kabisa.

#17 Mwanasheria Mkavu
Ndugu wa Mombasa, siku zinakupa nguvu lakini serikali haiandai uchaguzi wa watu zaidi ya milioni 300 kwa wiki moja na nusu ya hasira. Maandalizi yalikuwa yameanza kimya kimya. Bhutto labda alimharakisha.

#18 Shombo la Pwani
Labda alimharakisha, labda alimpa wazo. Wewe ulikuwa chumbani?

#19 Ustaadh wa Kanda
Nyie wote mnajua siasa tu. Mnajua Kishore Kumar alifungiwa All India Radio? Aliombwa aimbe kwenye tamasha la Congress, chama cha Indira, akakataa. Nyimbo zake zikaondolewa redioni na kwenye televisheni. Fikiria India bila sauti ya Kishore! Mimi nina kanda zake mpaka leo, na serikali inayomnyamazisha Kishore mimi naipigia kura ya hapana bila kusoma ilani.

#20 Bint Hamidu
Ustaadh umeniokoa, nilikuwa nasinzia. Na ile ya sinema?

#21 Ustaadh wa Kanda
Ndiyo, Februari 1977. Jagjivan Ram alikuwa waziri wa Indira, tena mzito, waziri wa ulinzi wakati wa vita ya 1971. Tarehe 2 Februari akajiuzulu na kuanzisha chama chake. Siku chache baadaye upinzani ukaita mkutano mkubwa uwanja wa Ramlila. Jioni ile televisheni ya serikali ikawarushia watu Bobby ya Raj Kapoor, filamu ya mapenzi iliyokuwa inamaliza watu, ili wakae nyumbani. Uwanja ukajaa vilevile. Kesho yake gazeti likaandika kwamba Babu amemshinda Bobby, maana Jagjivan wakimwita Babuji.

#22 Kanda ya Ziwa
Jagjivan Ram ndiye aliyemmaliza. Alikuwa Dalit, wale waliokuwa wakiitwa wasioguswa, na kura za watu wake Congress iliziweka mfukoni tangu uhuru. Kuna kitu najiuliza: upinzani uliposhinda viti 295, kwa nini hawakumpa uwaziri mkuu? Wakampa Morarji Desai wa miaka 81.

#23 Mwalimu wa Zamu
Kwa sababu Charan Singh na wakulima wake wa tabaka la kati wasingekubali Dalit juu yao, na wengine walikumbuka kuwa Jagjivan ndiye aliyepeleka hoja ya hali ya hatari bungeni 1975. Sababu ipi ilikuwa nzito, inategemea unamuuliza nani. Janata, huo upinzani ulioshinda, ilikuwa gunia la paka: wasoshalisti, Jana Sangh ya Kihindu, Congress wa zamani. Julai 1979 imekwisha pasuka.

#24 Kiroboto wa Buguruni
Morarji si ndiye yule aliyekuwa anakunywa mkojo wake kama dawa?

#25 Muuguzi Mstaafu
Ndiye, na alikuwa anasema hadharani. Aliishi miaka 99. Msijaribu nyumbani.

#26 Fundi Redio
Nimesoma mwanzo mwisho. Naona mnasema India India, lakini kusini Indira alishinda. Andhra Pradesh viti 41 kati ya 42, Karnataka 26 kati ya 28. Mimi nilisoma Bangalore na nakuambia kule hali ya hatari haikuwagusa. Kwa hiyo yale ya #12 ni ya kaskazini, na kama Indira alikuwa anatembelea kusini akishangiliwa, basi hakudanganywa, aliona kwa macho yake.

#27 Shombo la Pwani
Haikuwagusa? Kerala kuna mwanafunzi wa uhandisi, Rajan, alichukuliwa na polisi 1976 akafia mikononi mwao. Baba yake akazunguka ofisi moja hadi nyingine, kisha akaenda mahakamani mara tu uchaguzi ulipopita. Karunakaran, waziri kiongozi wa Kerala, akajiuzulu Aprili 1977 kwa kesi hiyo, mwezi mmoja baada ya kushinda. Kusini walipiga kura wakiwa hawajasimuliwa. Redio ya serikali na magazeti yaliyokaguliwa, nani angewaambia?

#28 Fundi Redio
Rajan namjua. Nilimaanisha kwa wingi. Kufunga uzazi kwa nguvu hakukuwa kama Uttar Pradesh, na wapinzani wa kule hawakuungana kama wa kaskazini.

#29 Msoma Usiku
Asanteni, uzi umekuwa mtamu kuliko kitabu. Lakini bado siridhiki. Ukiwa huna uhakika wa kushinda, si unaiba kura? Tume ilikuwepo, polisi walikuwepo. Alishindwa Rae Bareli kwa kura elfu 55 na ushee, na yule yule Raj Narain wa kesi. Sanjay akashindwa Amethi. Hakuna sanduku lililopotea? Hapo ndipo naanza kuamini alikuwa binti wa Nehru kweli. Baba alimwandikia barua za historia ya dunia akiwa mtoto na yeye baba yuko jela ya Mwingereza. Marafiki wa baba yake kule Ulaya walikuwa wanamwandikia kumlaumu. Labda alichoka kuitwa dikteta.

#30 Mwanasheria Mkavu
Msoma Usiku, usimpake marashi. Aliyechoka kuitwa dikteta Januari 1977 ni yule yule ambaye mwezi huo huo alimruka Jaji H. R. Khanna asiwe Jaji Mkuu. Khanna ndiye pekee kati ya majaji watano aliyesema, Aprili 1976, kwamba hata wakati wa hali ya hatari serikali haiwezi kumfunga mtu bila mahakama kuuliza. Zamu ilikuwa yake, akapewa Beg aliyekuwa chini yake. Khanna akajiuzulu. Mtu anayerudi kwenye demokrasia haanzi hivyo.

#31 Mtoto wa Upanga
Anaweza kuanza hivyo kama anategemea kushinda. Anataka mahakama yake, bunge lake, halafu na baraka za wananchi juu. Hakuna mgongano.

#32 Bint Hamidu
Na wananchi hao hao wakamrudisha Januari 1980, viti 353. Mtanieleza na hilo? Maana kama kufunga uzazi ndiko kulimtoa, wale wanaume milioni walisahau kwa miaka mitatu?

#33 Kanda ya Ziwa
Vitunguu. 1980 bei ya vitunguu ilipaa, na Janata walikuwa wanagombana tu. Nilisema tangu #7, ni bei.

#34 Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, hawakusahau. Kampeni ya uzazi wa mpango kule tangu hapo ilihamia kwa wanawake karibu yote. Hakuna serikali ya Delhi iliyothubutu kuwagusa wanaume tena. Kura ya 1980 ni jambo jingine, na kaka wa jirani yangu alimpigia Indira mwaka huo. Nilimuuliza mzee kwa nini. Akasema Agosti 1977 baada ya Dalit kuuawa Belchi, Bihar, viongozi wote walikaa ofisini, Indira akaenda kwenye matope akiwa juu ya tembo.

#35 Dereva wa Lori
Juu ya tembo kabisa? Huyo mama alijua siasa. Kumbe ule mtaa wa Indira Gandhi pale mjini Dar nilikuwa napita tu bila kujua napita kwa nani.

#36 Kiroboto wa Buguruni
Mimi bado niko #2. Usalama walimdanganya.

#37 Fundi Redio
Kiroboto, kama walimdanganya, mbona Sanjay aliyekuwa karibu nao zaidi hakutaka uchaguzi? Ina maana yeye alizipata ripoti nyingine?

#38 Kiroboto wa Buguruni
Sanjay alikuwa na simu zake.

#39 Mwanasheria Mkavu
Jambo moja mnaliruka. Januari 1977 hakuifuta hali ya hatari. Aliilegeza tu. Kampeni nzima ilifanyika ikiwa inafanya kazi kisheria, na Fernandes aligombea akiwa gerezani kwa kesi ya baruti, picha yake ya mikono yenye minyororo ikizunguka Muzaffarpur, akashinda. Hali ya hatari ilifutwa tarehe 21 Machi, matokeo yakiwa yameshajulikana. Nao Janata 1978 wakabadilisha katiba: sasa inahitaji uasi wa silaha, siyo "machafuko ya ndani", na rais hatii saini bila karatasi ya baraza la mawaziri. Kwa hiyo swali halisi ni la usiku wa tarehe 20: funguo zote zilikuwa bado mfukoni mwake na hakuzitumia. Nani alimzuia?

#40 Shombo la Pwani
Jeshi? Maana rais alikuwa ameshafariki Februari, pale kulikuwa na kaimu tu, Jatti.

#41 Mtoto wa Upanga
Jeshi la India halijawahi kuingia kwenye hayo. Nampigia baba mdogo kesho, yeye ana maelezo yake kuhusu usiku ule, nitayaleta.

#42 Kiroboto wa Buguruni
Mlete yeye mwenyewe ajisajili, atukute hapa hapa.